Ile "ngome fupi kando ya bahari" ya Mombasa 1498 ni ipi, na Fort Jesus ilikuwa haijajengwa?

mtoto_wa_kibokoni

Asalam aleykum jamaa zangu, nina jambo lanikera wiki nzima naomba mnisaidie. Juzi niliwachukua wana wa dadangu wamefunga shule nikawapeleka Fort Jesus, manake wao wamezaliwa Nairobi na hawajapata kuingia ndani, na aliyekuwa akitutembeza akawaambia kwamba kabla ya Mreno hapa Mvita hapakuwa na ngome yoyote, watu walikaa tu na madau yao na minazi, ndipo Mreno akaja 1593 akajenga. Watoto wakaandika kwenye madaftari. Mimi nikanyamaza kwa adabu lakini moyo haukutulia, kwa sababu nilishasoma tafsiri ya ile daftari ya safari ya Vasco da Gama, na pale walipofika Mombasa Aprili 1498 mwandishi yuwasema mji ni mkubwa, umekaa mahali palipoinuka na bahari yaupiga chini, bandarini mwaingia vyombo kila siku, mlangoni pana nguzo, na kando ya bahari pana ngome fupi.

Ngome! 1498! Hiyo ni miaka 95 kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus. Sasa ngome hiyo ilikuwa ya nani na ilienda wapi? Na wasafiri wengine waliopita baadaye waliiona ama waliona nini? Nataka niwaandikie wale watoto barua wafute walichoandika, lakini sitaki niwaambie kitu cha kubahatisha na mimi mjomba wao.

baharia_likoni

Waleykum salaam. Hiyo nguzo si ndio ule mnara wa Mbaraki? Nikivuka feri huwa naufikiria, uko pale pale mlango wa Kilindini. Kama nguzo ndiyo hiyo basi na ngome ilikuwa upande huo, si upande wa Mji wa Kale.

mwalimu_wa_tanga

Baharia ndugu yangu hapana, wengi wanachanganya hapo. Pale Mbaraki waliochimba walikuta msikiti ni wa zamani, karne ya 15, lakini mnara wenyewe uliinuliwa baadaye sana msikiti ukishaachwa, kwa hiyo 1498 haukuwepo. Tuuweke pembeni.

Mtoto wa Kibokoni, swali lako ni zuri na nitakujibu kwa urefu, unisamehe, haya mambo nayasoma miaka mingi.

Kitu cha kwanza kabla ya kuuliza ngome ilikuwa wapi, uliza aliyeandika alikuwa amesimama wapi. Meli za da Gama zilifika jioni ya Jumamosi tarehe 7 Aprili 1498, kesho yake ilikuwa sikukuu yao ya matawi, na hawakuingia bandarini, walitia nanga nje. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo na machungwa na ndimu na miwa. Wakashushwa watu wawili tu, wakatembezwa mjini, wakapelekwa kwa mfalme na walipita milango minne kila mmoja una bawabu na upanga mkononi. Halafu usiku mwingine watu wakaogelea kimya kimya wakaanza kukata kamba za nanga, Wareno wakagutuka, na tarehe 13 wakaondoka kwenda Malindi. Kwa hiyo hiyo sentensi ya "ngome fupi kando ya bahari" ni ya mtu aliyekuwa juu ya sitaha anaangalia nchi kavu. Aliona kitu cha mawe, kifupi, kiko chini karibu na maji, kinalinda mlango. Hakuingia ndani, hakuhesabu chochote. Lakini hakuwa na sababu ya kuibuni pia, maana baharia akiona jengo la vita mlangoni mwa bandari ndicho kitu cha kwanza anachoandika, roho yake iko hapo.

Sasa miaka 7 mbele. Agosti 1505 anakuja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na meli nyingi, ametoka kuipiga Kilwa. Humo alikuwamo Mjerumani mmoja anaitwa Hans Mayr, na maelezo ya safari hiyo yanayobeba jina lake ndiyo tunayo mpaka leo. Anasema walipoingia mlango wa bandari walipigwa mizinga kutoka buruji iliyokuwa pale. Mizinga! Na mizinga yenyewe ilikuwa ya Wareno, maana mwaka 1501 meli moja ya msafara wa Mreno Cabral ilipanda mwamba karibu na Malindi, wenyewe wakaiacha, na watu wa Mombasa wakazamia wakaiopoa mizinga yake wakaipandisha burujini. Hebu fikiria mzinga wa chuma ule unatolewa chini ya maji kwa kamba na vifua vya watu. Ila bahati yao haikuwa nzuri, risasi ya meli iliangukia baruti yao ikalipuka, wakaikimbia buruji.

Mimi nasoma hizo habari mbili pamoja, ile ngome fupi ya 1498 na hii buruji ya 1505, zote mlangoni, zote kando ya maji. Kwa hiyo waambie watoto bila hofu: Mvita ilikuwa na ngome yake, na ilipigana.

Yaliyofuata unayajua. Mayr anaeleza mitaa ilivyokuwa myembamba watu wawili hawapiti sambamba kwa raha, nyumba za ghorofa zimepakwa chokaa, nje zina baraza za mawe, na watu walipanda juu ya mapaa wakawa wanawaporomoshea wavamizi mawe. Mji ukachomwa ukaporwa. Na humo humo ndani ya maelezo ya adui kumehifadhiwa barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi, anamweleza kwamba amepita mtu mkubwa mwenye ukali, ameuchoma mji, hakumbakisha mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto mchanga, na harufu ya maiti ni kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuingia mjini. Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

mtoto_wa_kibokoni

Subhanallah mwalimu. Hiyo ya mizinga kuopolewa baharini sijapata kuisikia maisha yangu yote na nimezaliwa mtaa wa nyuma ya ngome. Allah akulipe. Na baada ya 1505 ile buruji ilijengwa tena ama ndio basi?

mwalimu_wa_tanga

Mji wenyewe ulisimama tena haraka, hilo ndilo la ajabu kwangu. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika miaka ya 1516 hadi 1518 hivi, baada ya moto ule, na bado anauita mji mzuri wenye nyumba ndefu za mawe na chokaa zilizopangwa mitaani, biashara kubwa, wanawake wamevaa hariri na dhahabu. Haya, 1528 akaja Nuno da Cunha, wakauteka tena na walipoondoka wakauchoma tena. Ukasimama tena.

Halafu miaka ya 1580 wakaja Waturuki, yule Mirale Bey na marikebu zake, watu wa pwani wakamkaribisha kwa kuwa wamechoka na Mreno. Safari yake ya pili, 1588 kuingia 1589, akajenga ngome ndogo pale Mombasa ya kulinda mlango. Habari hizi nyingi tunazo kutoka kwa padri João dos Santos, alikaa Sofala na Msumbiji miaka mingi na kitabu chake kikachapwa Évora 1609. Ila huyu ukimsoma ujue alikuwa kusini, ya Mombasa alisimuliwa. Ndiye anayesimulia jinsi Waturuki walivyobanwa kati ya meli za Tomé de Sousa Coutinho baharini na Wazimba, wapiganaji waliokuja kwa nchi kavu. Mirale Bey akakamatwa. Na ni hofu hiyo ya Mturuki kurudi ndiyo iliyomfanya mfalme wa Ureno, ambaye wakati huo ndiye mfalme wa Hispania pia, aamue kujenga ngome kubwa. Fort Jesus haikujengwa mahali patupu, ilijengwa kwa sababu Mombasa ilikuwa imekataa mara tatu.

chokaa_na_tumbawe

Naingilia hapo kwenye ujenzi maana ndio kazi yangu, mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za Mji wa Kale. Hodi.

Aliyechora ramani ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, alikuwa akitumikia taji la Ureno huko India. Mafundi waashi waliletwa kutoka India pia, na vibarua wengi walitoka Malindi kwa sababu sultani wa Malindi ndio alikuwa rafiki wa Wareno na ndiye waliyemhamishia Mombasa atawale. Kazi ikaanza 1593, 1596 ikawa inatumika. Sasa watu huniuliza mawe walitoa wapi, wengine wanadhani yalitoka Ureno kwa meli. Hapana jamani. Ngome imekaa juu ya mwamba wa tumbawe, na lile handaki kavu unaloliona nje upande wa nchi kavu lilichongwa kwenye mwamba huo huo, kwa hivyo walichimba handaki na kile walichokitoa ndicho walichopandisha ukutani. Ukisimama pale chini ya handaki ukiangalia juu huwezi kuona vizuri mwamba wa Mungu umeishia wapi na ukuta wa binadamu umeanzia wapi. Mimi hupeleka vijana wangu wa kazi pale kabla sijawapa mwiko.

Na ile habari ya kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala, kichwa upande wa bahari, ni kweli michoro yaonyesha hivyo, lakini shughuli yake ni vita. Buruji nne za pembeni, São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias, zimetokeza nje ili aliyesimama kwenye moja aweze kupiga mbele ya ukuta wa mwenzake, adui asipate pa kujificha akishafika chini. Hiyo ilikuwa elimu mpya ya Italia wakati huo, kwa sababu ya mizinga. Kuta ndefu nyembamba za zamani mzinga ulikuwa unazibomoa, kwa hiyo wakafanya kuta nene zimelala kidogo kwa nyuma.

Kama wataka kuona ilivyokuwa mwanzo mwanzo, kuna ramani ya Manuel Godinho de Erédia ya mwaka 1610 hivi, na nyingine ipo kwenye kitabu cha António Bocarro cha 1635, kile walichomtengenezea mfalme kimechorwa ngome zote za Wareno mashariki, Mombasa ikiwemo. Ukizilinganisha na ukuta ulivyo leo wajua ni kipi kimeongezwa. Wale hawakuwa wapita njia, ni watu wa hesabu, mfalme alitaka kujua ana nini. Ndio maana Bocarro anataja mpaka vile vingome vidogo vya Makupa, pale maji yakikupwa mtu anavuka kwa miguu kutoka bara, waliweka walinzi wakiwaogopa watu wa bara waliowaita Wamusungulo.

mpemba_asilia

Nimesoma yote kimya kimya lakini kuna maelezo moja ya ngome mumeyasahau, na yako pale pale mlangoni, kila anaeingia anapita chini yake. Lile jiwe la maandishi ya Kireno juu ya lango.

Mwaka 1631 sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimchukua mtoto wakamlea Goa wakambatiza jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake akamuua nahodha wa ngome na akaitwaa. Mwaka uliofuata akaondoka na Wareno wakarudi. Sasa huyu nahodha aliyekuja 1635, Francisco de Seixas de Cabreira, umri wake miaka 27, akaitengeneza ngome akaandika sifa zake juu ya lango. Na sifa zenyewe ni nini? Kwamba amewatia adabu Pate na Siyu akabomoa kuta za miji yao, na kwamba Pemba amewaua magavana walioasi na wakubwa wote wa mji, kwa uamuzi wake mwenyewe. Kaandika! Kwenye jiwe!

Mimi mara ya kwanza kutafsiriwa yale maneno na rafiki yangu anaejua Kireno nilikaa chini pale kwenye kivuli cha lango, nikashindwa kuendelea ndani. Watalii wanapita wanapiga picha nzuri ya lango na mimi namuona babu wa babu yangu. Kwa hiyo mtoto wa Kibokoni ukiwarudisha wale watoto, wasimamishe hapo kwanza, wasomee kwa Kiswahili hilo jiwe linasema nini. Hayo pia ni maandishi ya mgeni kuhusu ngome na huyu hakuwa juu ya sitaha ya meli, alikuwa ndani na funguo mkononi.

mtoto_wa_kibokoni

Babangu umenigusa. Nimepita chini ya lango hilo tangu ni mtoto twenda kucheza mpira kule uwanjani na sikupata kujua limeandikwa nini. Nitafanya hivyo inshallah.

mtafiti_wa_mtaani

Niseme kitu na msinichukulie vibaya. Kila mnayemtaja hapa ni Mreno au amekuja na Wareno. Da Gama, Mayr, Barbosa, dos Santos, Bocarro. Ni kama unataka kujua habari za nyumba yako ukamuulize aliyekuja kuivunja mlango. Je sisi wenyewe hatukuandika? Mbona hakuna Mswahili anayesema "niliiona ngome ikijengwa"?

mwalimu_wa_tanga

Swali la haki kabisa kaka. Mgeni wa Kiislamu tunaye, Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, anasema kisiwa kina ndizi na ndimu, watu wachamungu, misikiti ya mbao imejengwa imara na mtu ananawa miguu kabla ya kuingia. Ngome haitaji. Na yeye hakuwa na vita na mtu, macho yake yalikuwa kwenye msikiti, ya baharia wa da Gama yalikuwa kwenye ngome. Kila mtu aliandika alichokuja nacho rohoni.

Sisi kuandika tuliandika. Barua za Kiswahili kongwe kabisa zilizobaki ni za 1711, kwa herufi za Kiarabu, zinatoka Kilwa, na ziko wapi? Goa, kwenye nyaraka za Wareno. Kwa sababu wao waliweka makaratasi ndani ya ofisi kavu na sisi tuliyaweka ndani ya nyumba zilizokuwa zinachomwa kila baada ya miaka ishirini thelathini. Na hata Mombasa ipo tarikhi yake kwa Kiarabu, alipokuja nahodha Owen na manowari yake Leven 1824 alipewa akaitia kwenye kitabu chake. Kwa hiyo tusome wageni, lakini tusome kama hakimu anavyomsikiliza shahidi, wewe ulikuwa wapi, uliona au ulisimuliwa, na ulitaka nini.

bi_wa_faza

Mwalimu hapo kwa shahidi umesema neno. Mimi ni mtu wa Faza, na kuna shahidi wangu nataka aitwe.

Watu wakisimulia ule mzingiro wa Waomani husema Mwarabu upande huu Mreno upande huu, basi. Ulianza Machi 1696, imamu Saif bin Sultan alileta jeshi kutoka Oman, na ukaisha Desemba 1698, miezi 33. Ndani ya ngome Wareno walikuwa wachache tu, wengi wao walikuwa Waswahili, wanaume kwa wanawake na watoto wao, wamekimbilia ndani kwa sababu zao, wengine ni watu wa Faza ambao walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Pate. Ugonjwa ukaingia, ukaua kuliko mizinga. Agosti 1697 nahodha wa Kireno António Mogo de Mello akafa, na Wareno waliobaki hawakutosha hata kushika zamu. Nani aliishika ngome wakati huo? Shehe Daud wa Faza, Bwana Daud, yeye na jamaa zake na wanawake waliokuwa wakibeba mawe na kulinda kuta usiku. Mpaka msaada ulipofika Septemba. Hayo yameandikwa na Wareno wenyewe, nao hawakuwa na haja ya kumsifu Mswahili.

Sisemi alikuwa upande mzuri au mbaya, mpemba asilia hapo juu amesema maneno mazito na mimi nimeyasikia, Wareno walifanya waliyoyafanya kwetu pia. Lakini ngome ile ina jina lake ndani ya mawe na mtu akitembezwa hatajiwi. Ndipo tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakapanda ukuta, ndani wamebaki watu kidogo mno, na siku chache baadaye meli za msaada kutoka Goa zikatokea kwa mbali zikaona bendera si yao, zikageuza.

Na ile meli iliyozama chini ya ngome 1697, Santo António de Tanna, ililetwa kuja kuwaokoa hao hao. Wazamiaji waliifanyia kazi 1977 hadi 1980 na vitu vyake viko ndani ya makumbusho, vyungu na kauri na vifaa vya meli. Mimi nikiviona namwaza mama mmoja yuko ukutani aiona meli ile imeingia, akashukuru, kisha aiona yazama.

mkaazi_kilwa

Wakuu salaam kutoka Kilwa Masoko. Naona Mombasa tu na sisi tulitangulia aisee. Almeida kabla hajafika kwenu Agosti 1505 alikuwa kwetu Julai, akajenga ngome ya Santiago pale Kilwa Kisiwani. Na huyo huyo Mayr anaeleza walichofanya, walichukua nyumba nzuri iliyokuwa pwani wakaigeuza ngome na nyumba zilizoizunguka wakazibomoa. Kwa hiyo ngome ya kwanza ya mawe ya Mreno pwani hii ilikuwa sebule ya mtu. 1512 wakaiacha wakaondoka. Mahali pale baadaye wakati wa Waarabu wa Oman ndio ikajengwa hii mnayoiona leo tunayoiita Gereza, na wala haikuwa jela.

Hilo neno nalo lina habari yake. Gereza limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, igreja. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikaitwa hivyo, halafu ngome zikafungiwa watu, neno likahamia huko. Sawa na meza, bendera, mvinyo na leso, hayo yote tumewachukulia wao. Mombasa kwenu ndio maana inatimia kabisa, Mwingereza aliifanya Fort Jesus jela kuanzia 1895 mpaka 1958, kanisa likawa ngome ikawa gereza kweli.

chokaa_na_tumbawe

Ahsante mkuu wa Kilwa. Kweli, na kazi kubwa ya kuondoa majengo ya jela ndiyo iliyofanya James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, achimbe pale ndani na tukapata kuona msingi wa kanisa, nyumba ya nahodha na ile njia ya chini iliyochongwa kwenye mwamba kwenda baharini, ya kupandishia mizigo kutoka kwenye mashua.

Nimekumbuka jambo jingine kwa mtoto wa Kibokoni, kwa wale watoto hili watalipenda. Kuna michoro ambayo askari walinzi wa Kireno waliichora ukutani kwa mkono wao, meli na samaki na watu, imewekwa ndani ya makumbusho. Hao ni wasafiri ambao hawakujua kuandika vitabu. Mtu amewekwa zamu juu ya ukuta, jua la Mombasa, hajui atarudi kwao lini, anachora meli. Meli nyingi sana. Mimi nimekarabati nyumba nyingi zenye michoro ya mashua kwenye lipu, michoro ya watu wetu, na zinafanana sana na zile.

baharia_likoni

Nimekubali kuhusu Mbaraki, shukran mwalimu. Lakini mimi nitawaongezea moja ya bahari. Mukitaka kuelewa yule wa 1498 aliona nini, musiende ngomeni, tokeni nje na mashua asubuhi mapema muje mukiingia mlango wa bandari ya kale, Nyali mkono wa kulia na kisiwa mkono wa kushoto. Kutoka nje kila kitu kilicho karibu na maji huonekana kifupi, kwa sababu nyuma yake nchi yapanda. Hata Fort Jesus yenyewe ukiwa mbali nje huioni kuwa kubwa, ni mpaka umekaribia ndipo ukuta unapoinuka. Kwa hiyo "fupi" ya yule mtu isiwafanye mukafikiri ilikuwa kibanda.

mwalimu_wa_tanga

Baharia, hiyo sikuwahi kuifikiria na ni hoja nzito. Asante sana, naiandika.

mtoto_wa_kibokoni

Jamaa zangu sina la kuwalipa. Nimewaandikia watoto barua usiku huu, kurasa nne, nimewaambia kuhusu mizinga iliyotolewa baharini na barua ya mfalme na Bwana Daud wa Faza, na jiwe la lango nimewaambia nitawasomea wakija Disemba. Dadangu anipigia simu asema yule mdogo, wa darasa la nne, amefuta kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka, na sasa yuwauliza wale watu waliozamia mizinga majina yao nani.

Baharia, mashua ya asubuhi ni shilingi ngapi kwa watu watano? Na tuondokee wapi, ngazi za Leven ama huko kwenu?

baharia_likoni

Ngazi za Leven, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaanza. Pesa tutaongea ndugu yangu, wewe walete watoto. Mdogo akae mbele nami.